Mchawi Wako Therrun na Mimi

S.L.P. 114,
Westby, Wisconsin.
8 Machi 1987

Mpendwa kaka Lowell,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua ulichokilalamikia wakati wa Krismasi kimetulia. Sisi hatujambo. Theluji imefika madirishani, na lori la maziwa limenasa mara mbili kwenye njia ya kwetu. Nyonga ya Baba inaendelea vizuri tangu operesheni, ila ngazi bado zinampa taabu na hataki kushikwa mkono. Si unamjua.

Asante kwa kadi yenye picha ya dubu. Baba ameibandika kwenye mlango wa friji pamoja na zile nyingine. Siku hizi ukitaka maziwa inabidi usukume Alaska yote kando ndipo upate mpini.

Kaka, nina jambo limenikaa kooni. Nitaliandika lilivyo kabla sijaghairi. Nina wivu. Sikuonei wivu wewe wa huko Alaska kwenye bomba la mafuta, maana kazi hiyo siiwezi. Namwonea wivu Therrun.

Usicheke. Tangu ulipoondoka, miaka tisa sasa, Baba ndiye anayeendesha ule mchezo wetu wa mezani, wa kurusha dadu na kuigiza watu wa kubuni. Kila Jumapili baada ya ibada tunakaa mezani kwake, mimi, mume wangu Gordy, na jirani yetu Bev Sobczak anayeendesha basi la shule. Kila mmoja ana mtu wake mmoja tu katika nchi ile ya kubuni. Gordy ana mwizi wake, Bev ana kuhani wake, mimi nina Runa, askari wa kukodiwa. Waliobaki wote ni wa Baba: wafalme, majambazi, wauza samaki, anasema kwa midomo yao wote. Na Therrun, mchawi uliyemwacha, alimchukua yeye.

Ulimwacha akiwa mchawi wa kawaida tu. Baba amemkuza. Ana mnara wenye kengele, ana joka linalomtii, na wafalme wanasimama akiingia. Na kila tukikwama, Baba anaweka kikombe chini, anainua kidole na kusema, "Mnasikia kengele?" Hapo tunajua Therrun anakuja. Halafu Baba anaongea kwa sauti yako, Lowell. Anaipitisha puani kama wewe, hata kile kikohozi chako kidogo kabla ya mzaha anakiweka. Bev hupiga makofi: "Amekuja mwenyewe! Mwongezeeni kahawa!"

Mimi nilimwanzisha Runa ngazi ya kwanza ya mchezo akiwa na mkuki uliopinda. Nimemfikisha ya tisa kwa miaka minane, jeraha kwa jeraha. Hakuna mfalme hata mmoja aliyewahi kumsimamia.

Sasa sikia kilichotokea Jumapili ya kwanza ya Februari. Kwa miezi mitatu tulikuwa tunajiandaa kuulinda mji wa Brannoc. Mpango ulikuwa wangu. Nilichora daraja kwenye karatasi, nikahesabu mapipa ya mafuta ya taa ya kulichomea, hata kazini kwenye kiwanda cha jibini nilikuwa nakoroga maziwa huku nawaza niwaweke wapi wapiga mishale. Jeshi la adui likafika darajani. Runa akashika mwenge. Nikaokota dadu langu la pande ishirini, ambalo namba yake ndiyo ingeamua kama daraja litawaka.

Baba akainua kidole. "Mnasikia kengele?"

Kwa dakika mbili Therrun akalichoma jeshi lote. Dadu lilibaki kiganjani mwangu.

"Baba," nikasema, "miezi mitatu yote hii tulikuwa tunamsubiri Lowell aje atumalizie?"

"Ni Therrun, si Lowell."

"Acha hizo, Baba! Sote tunajua ni nani."

Bev akajaribu kuokoa hali. "Jamani, tumeshinda, tule basi, mikate ya viazi inapoa."

"Kula wewe," nikamwambia, na Bev hajawahi kunikosea hata siku moja. Nikachukua sufuria yangu ingali na chakula nikatoka. Gordy alinifuata na koti langu mkononi mpaka nyumbani.

Jumapili mbili hatukucheza. Nilikwenda kwa Baba kila asubuhi kuondoa theluji mlangoni kwa koleo, nikamwachia chakula chake kwenye jiko, nikaondoka. Yeye alinitazama dirishani. Sisi akina Haugland tunajua kununa, hilo hatukufundishwa na mtu.

Tarehe ishirini na mbili akafungua mlango kabla sijamaliza, amesimama na fimbo yake kwenye baridi ile.

"Sasa wewe unataka nini, Marlys? Nikuache mshindwe?"

"Ndiyo. Nataka nishindwe mwenyewe."

Akaiegemea fimbo. Kisha akasema, "Wewe nakuona kila siku, mwanangu. Nikimnyamazisha Therrun, sauti ya kaka yako nitaisikia wapi?"

Lowell, nilimhurumia, na hapo hapo nikazidi kukasirika. Miaka tisa namsafishia njia, nimemwosha miguu alipotoka hospitali, na sauti anayoikosa ni yako. Nilimjibu kwa sauti ya chini, "Mimi je, Baba, ukinisikia unasikia nini? Koleo?"

Akarudi ndani. Ila mchana ule alimpigia Bev simu, na tulipokaa mezani akasema, "Turudi darajani. Leo hakuna kengele."

Nilihitaji kumi na mbili. Nikapata nne.

Mwenge ulizimika mtoni, adui akavuka. Gordy na Bev wakawatoa watoto na wazee kwa lango la nyuma, na Runa akabaki kwenye lango kuu, peke yake, ili wapate muda. Baba hakunionea huruma hata kidogo. Alirusha madadu yake mbele ya macho yetu, waziwazi, pigo baada ya pigo, na mimi nilirudisha kila pigo mpaka nguvu za Runa zikaisha, akafa. Mji ulianguka. Watu wake mia nne walipona.

Baba akavua miwani. "Alikuwa askari wangu bora," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. Bev akapenga kamasi kwenye kitambaa cha meza, akamwambia Baba: "Mzee Orrin, umeniharibia Jumapili." Mimi nililia, kaka, na sijawahi kutoka kwenye meza ile na furaha kama ile.

Nilipokuwa navaa koti, Baba akanipa bahasha. Ndani ni karatasi ya Therrun, ile iliyoandikwa nguvu zake zote, na mwandiko wako wa ujana juu, wa Baba chini. "Mpelekee," akasema. "Mwambie kama anamtaka, aje amcheze mwenyewe."

Basi ndiyo hiyo humu ndani. Lakini nitakuambia ukweli. Imekaa kwenye gari langu wiki mbili. Nimepita posta kila siku na sikusimama. Najua ukija, Baba atanyanyuka kwenye kiti kwa nyonga ile ile kukufungulia mlango, na mimi nitakuwa jikoni nawakatia jibini. Hilo litaniuma, sitakudanganya.

Njoo hivyo hivyo. Njoo kabla theluji ya mwaka ujao, maana sauti yako anayoiiga inaanza kumpotea Baba. Jumapili ile ya mwisho ya kengele alikohoa kikohozi chako akasahau mzaha, na mimi peke yangu ndiye niliyegundua.

Gordy anakusalimu. Bev anasema umletee samaki wa kukaushwa. Shangazi Ardis naye anaulizia kama umeoa. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo na akufikishe kwetu salama.

Mimi dadako nikupendaye, wivu na yote,

Marlys