Kabla Hajagusa Mgongo Wako

Mjukuu wangu Mutheu,

Huku Kola tuko salama, na mama yako amemaliza kuvuna ndengu. Umeniuliza kama uende kwa huyo mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo huko Ujerumani, kwa sababu unaogopa.

Hata mimi niliogopa. Nilianguka nikichimba mtaro shambani, mgongo ukakaza, na harusi yangu ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Majirani walisema nitafika kanisani nimebebwa. Nikapelekwa Kalama kwa mama mmoja aliyejua kukanda mifupa. Hakunigusa kwanza. Aliniuliza nilivyoanguka, na kama miguu ina ganzi. Kisha akasema, "Ukiumia, niambie niache." Nilimwambia mara moja, na kweli akaacha.

Nilirudi kwake mara nne. Siku ya harusi niliingia kanisani kwa miguu yangu, wale majirani wakitazama.

Kwa hivyo nenda, mwanangu. Akitaka kukushika kabla ya kukuuliza, chukua mkoba wako uondoke. Akikusikiliza, mwambie yote, na umuulize yote.

Ni mimi susu wako, nyanya yako, niliyecheza harusini mpaka babu yako akaomba tuketi.