Plomb Iliyofunguka

Jumapili, katikati ya mwezi wa tisa. Jua ni jekundu tangu asubuhi, na si kwa uzuri. Ni moshi. Pori lote kuzunguka Lubumbashi linachomwa, majivu yanatua juu ya nguo tulizoanika. Nimeanika shati jeupe, nimeanua la kijivu. Sikukasirika. Leo sina hasira ya ziada ya kugawia shati.

Mezani kwangu kuna mguu wa mbele wa mbawala, pamoja na bega lake, umepakwa chumvi. Pembeni, ndani ya kisahani cha kahawa, kuna kipande cha plomb, madini laini ya risasi, nilichokikuta chini ya ngozi ya bega hilo. Kinapendeza. Kiliingia kwa mnyama kikiwa duara. Sasa kimetandazika, kingo zimepinda, kama tonge la bukari ulilolibonyeza kwa kidole gumba ili lichote mboga.

Mimi ndiye niliyekitengeneza. Natamani kisingefanya kazi.

Niandike kwa utaratibu, labda nitapoa.

Kazi yangu ni kuyeyusha. Huku Ruashi, nyuma ya nyumba, nayeyusha injini zilizokufa na kutoa sufuria. Shule niliiacha mapema. Mambo ya madini nimefundishwa na vidole vyangu vilivyoungua, na hao ni walimu ambao darasani kwao hukuti mwanafunzi amesinzia.

Dada yangu mkubwa, Yaya Jozeti, ameolewa kando ya njia ya Kasenga. Mume wake, shemeki Mwape, anachoma makala, yaani makaa ya kupikia, na kiangazi anawinda kwa pupu. Kwa asiyeijua, pupu ni bunduki ya kutengenezwa kijijini: unashindilia baruti kupitia mdomo wake, kisha risasi, kisha unaomba Mungu.

Mwaka huu wanyama wa Mwape walikuwa wanakimbia. Anapiga, anaona damu kidogo juu ya majani, halafu hakuna kitu. Baada ya siku mbili ni tai wanaomwonyesha mahali.

Sasa kule, nyama ikikimbia na jeraha, watu hawaangalii bunduki. Wanaangalia nyumba. Mwindaji akiwa porini, mke wake, bibi kama wanavyosema kule, lazima awe safi. Akilala na mwanaume mwingine, bunduki inakosa nguvu. Mwindaji mwenyewe akipotea njia kidogo, kwa mwanamke wa Mokambo kwa mfano, bunduki haina habari. Ni bunduki yenye adabu, haichunguzi mambo ya bwana wake.

Mwezi uliopita Yaya akanipigia simu, analia. Mama mkwe wake alikuwa ameanza kuhesabu ni nani anayepita pale kununua makala. Ndugu mwingine angeenda na Biblia. Mimi nilienda, nikaomba nione risasi.

Zilikuwa za shaba.

Mwape alikuwa amekata ufito wa shaba vipande vipande, akavisugua mpaka vikang'aa kama meno ya bwana harusi. "Shemeki, iyi njo shaba ya kwetu," akaniambia kwa majivuno. "Plomb iko ya bamasikini." Na huo ndio ugonjwa wetu sisi watu wa Katanga. Kitu kikiwa cha shaba, tunaamini kitafanya kazi vizuri zaidi, hata pale kazi yenyewe inapodai kitu laini.

Nilikuwa nimebeba plomb yangu. Hapa mjini ni rahisi kuipata: wezi wa nyaya wanachoma kebo za zamani, wanabeba shaba ya ndani, wanatupa koti la plomb barabarani. Tukaenda mimi na yeye, wawili tu, mbele ya mgomba uliokuwa na kichuguu nyuma yake. Akapiga kwanza shaba. Tundu la kidole kuingia, tundu la kidole kutoka. Akapiga plomb. Tundu la kidole kuingia, lakini kwa nyuma mgomba ulikuwa umefumuka vibaya.

Nikamweleza. Risasi ya kiwandani inaua kwa mbio, na pupu haina mbio, ina uzito tu. Kwa hiyo risasi yake lazima iwe laini, ikigonga mfupa ifunguke, ipanuke, ibaki humo ndani na uzito wake wote. Shaba, kwa mwendo ule, ni ngumu mno. Inapita katika mwili wa mnyama kama mgeni asiyetaka hata kuketi. Mnyama atakufa, ndiyo, lakini atakufa mbali, taratibu, bila kumfaa mtu.

Mwape aliingiza ngumi yake ndani ya lile tundu la nyuma. Akaiacha humo.

"Kumbe," akasema.

Alisema hilo tu, nami nikaona limetosha. Nikamwachia plomb za kutosha, nikachimbua shaba yake katika kichuguu iwe kumbukumbu, nikarudi Ruashi nikiimba.

Mjinga mimi. Nilidhani mtu akishaelewa, ataongea.

Jumatatu iliyopita, kabla Mwape hajaingia tena porini, wakwe walimkalisha Yaya juu ya mkeka, pupu imelazwa mbele yake. Ataje jina la mwanaume. Asipotaja, atarudishwa kwetu, watoto watabaki. Mwape alikuwa amekaa pale pale, na ile ngumi yake, na midomo yake yote miwili. Hakusema neno.

Yaya akataja jina.

Wakachinja kuku mweupe, wakainyunyizia bunduki maji. Alhamisi Mwape akaingia porini, akashindilia plomb yangu, na mbawala akaanguka palepale, hakupiga hata hatua.

Unaona nilichomfanyia dada yangu?

Ijumaa gari la makala likaniletea mguu huu. Kwao, aliyetoa risasi anapewa mguu wa mbele. Nikakuta plomb begani, na jana nikapanda pikipiki mpaka kwao. Nikaziweka mbili mbele ya mama yake Mwape: ile iliyofunguka, na ile ya shaba kutoka kichuguu, ambayo haikuwa imebadilika hata kidogo. Nikaeleza yote, na mgomba nikautaja.

Mama yule si mjinga. Alizigeuza kwa ukucha, akazipima mkononi.

"Njo vile," akasema. "Iyi inafunguka sababu kinywa ya bibi ilifunguka kwanza. Ile ya shaba ilikatala, sawa vile yeye alikuwa anakatala."

Wanawake wa nyumba wakapiga vigelegele. Nikamgeukia Mwape, aliyekuwa anasafisha mdomo wa pupu kwa kitambaa.

"Shemeki, baelezee ile tuliona ku mugomba."

Hakuinua macho. "Ile ilikuwa mugomba, shemeki. Mugomba haina bibi."

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Hata mimi, kama ningekuwa mtu wa mbali, ningecheka. Ni jibu zuri.

Anajua, na hicho ndicho kinachonichoma kuliko mama yake anayeamini kweli. Mwindaji mwenye mke mkosefu anahurumiwa. Mwindaji aliyejaza shaba ndani ya pupu kwa majivuno anachekwa mpaka Kasenga. Mwape amepima aibu mbili, akampa mke wake iliyo nzito.

Yaya akanisindikiza mpaka barabarani. Nikamwuliza huyo mwanaume ni nani.

"Chauffeur ya gari ya makala. Jean."

"Jean nani?"

"Jean tu. Baende bamutafute."

Tukacheka kwa pua, kama tulivyokuwa tukicheka kanisani utotoni. Kisha akaacha. Akaniambia binti yake mkubwa, tangu Jumatatu, hamwiti tena mama. Anamwita "weye".

Nikasema nitarudi, nitaeleza upya, nitaleta mgomba wenyewe kama lazima. Akanishika mkono.

"Petelo, acha kuelezea. Utume tu plomb. Ikuwe laini."

Njia nzima nilifikiria hilo. Nisipotuma, Mwape atarudi kwenye chochote kilicho kigumu, nyama itakimbia, na watataka jina lingine. Jean ameshatumika. Nikituma, nyama itaanguka, na kila mbawala atakayeanguka atakuwa shahidi kwamba Yaya alikuwa mkosefu na sasa ametakata.

Nyama sijaionja. Nimeacha kalamu kidogo, nikampa jirani mguu wote, akaniombea baraka.

Kesho, kabla ya sufuria za watu, nitawasha jiko la plomb za Mwape. Hiki cha kwenye kisahani nitakitia cha kwanza. Kitayeyuka upesi, kitakuwa duara tena, kama vile hakijawahi kumwingia yeyote.