Chupa ya Mogesi

Nyakunguru, Jumapili

Dada Nyangi,

Shikamoo. Mvua imeanza huku, mama amepanda mtama, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Naandika kwa sababu nikikupigia simu mama hukaa karibu.

Uliuliza kama bado nachimba chupa za zamani, zile za wakoloni. Nimeacha. Wachimba dhahabu wakikuta kioo huhama, maana udongo huo ulishachimbuliwa na haushiki. Hapo ndipo sisi wa chupa tulipokuwa tunaingia.

Kwenye mazishi ya mdogo wetu Mogesi nilikwambia, wewe na mama, kwamba matimba ya kuzuia ukuta yalivunjika. Hayakuwepo. Yeye alitaka tuyaweke, mimi nikasema shimo la kufika kifuani halihitaji. Alipoinama kufukua chupa kwa vidole, ukuta ukamshukia.

Chupa tuliitoa mkononi mwake, haina hata ufa. Mnunuzi alikuja kutoka Sirari, mama akakataa kuiuza. Ameiosha, anawekea maziwa. Kila asubuhi ananimiminia mimi kwanza, anasema mimi ndiye niliyemfukua Mogesi kwa mikono yangu.

Nakunywa.

Wasalimie watoto na shemeji hapo Kisaka.

Mdogo wako,
Nchagwa