Habari Ndefu za Mzee Tadei

Mwambao wa Ziwa Nyasa
4 Juni 1974

Baba,
Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kahawa inaiva vizuri. Mimi mzima, ila mbu wa huku ziwani hawana huruma.

Mkutano niliowaitia wavuvi wa hapa, kuwaeleza amri ya serikali ya kuhamia kijiji kipya, ulikwenda salama. Wote waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja tu, Tadei, alisimama akaanza habari ndefu za ndugu zake wa ng'ambo, Malawi: wanavyovua, walivyo na nafasi. Nikamkatiza kwa adabu, maana jua lilikuwa linazama. Malori ya kuwahamisha yatakuja mwisho wa mwezi.

Mwanao,
Benno

Mkumbi
12 Juni

Mwanangu Benno,
Marahaba. Huku tu wazima. Mama yako anauliza kama unakula.

Nikueleze kitu. Tunapoketi kwenye sengu, tukila pamoja na kuzungumza mambo ya ukoo, mwenye neno zito haanzi nalo. Huanza na mvua, na mbuzi, na shangazi aliyeolewa mbali. Anapima kama utamvumilia. Na anayeitikia kwa kichwa amesikia. Kukubali ni jambo jingine. Rudi kwa huyo mzee. Keti, kalamu ibaki mfukoni. Akimaliza, mrudishie maneno yake: "Nimesikia hivi, ndivyo?" Kisha ndipo useme yako.

Baba yako,
Isidori

20 Juni

Baba,
Shikamoo. Barua nimeipata. Nitamwona mzee malori yakishaondoka. Sasa kazi zimenizidi. Mama mwambie nakula.

Mwanao

1 Julai

Baba,
Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Tumefika na malori, hakuna mtu. Milango wazi, majivu bado yana joto, mitumbwi yote haipo. Nimeita mpaka sauti ikakauka.

Kibarazani yupo Bibi Emerensiana, dada yake Mzee Tadei, asiyeweza kutembea.

"Wamevuka kwa wale ndugu," akasema. "Kaka alitaka kukuomba mtuache hapa, la sivyo tutavuka. Hukumngoja afike huko."

Nikamuuliza kwa nini wamemwacha.

"Hawakuniacha. Nimebaki kukuaga, mgeni haachwi hivihivi. Basi, kwaheri, mwanangu."

Bado ameketi pale. Barua hii nampa dereva.

Benno

Mkumbi
2 Julai

Mwanangu,
Marahaba. Tumesoma.

Dereva anarudi na barua hii. Muulize Bibi Emerensiana kama angependa kupanda huku milimani, akae nasi. Akianza na habari ndefu, mwambie dereva azime injini.

Baba yako