Pikipiki Uliyokataa Kuitemea Pombe

Baba,

Pikipiki bado ninayo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. Iko hapa ninapoandika, ndani ya chumba changu cha landhi, hizi nyumba za safu za wafanyakazi, hapa Voi, kati ya kitanda na mlango. Nikitaka kutoka naipita ubavu-ubavu, tumbo nimelivuta ndani. Nikitaka kulala napanda juu ya gurudumu la nyuma. Chumba chenyewe unakijua. Uliingia mara moja ukasema mbuzi wako wana nafasi zaidi. Sasa tuko wawili humu, mimi na chuma hiki, na hakuna anayekwenda popote.

Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike. Nilijiambia nitakuandikia nikishaiuza, au nikishaanza kazi nayo, moja kati ya hayo mawili. Yote mawili yamenishinda.

Hukuwahi kuniuliza niliinunuaje. Uliitazama tu. Basi ngoja nikueleze, maana ujinga ule sijamwambia mtu. Kalasinga mmoja, fundi wa mitambo ya katani, alikuwa anahamia Mombasa na hakutaka kuibeba. Ni ya zamani, Baba, ya kabla ya vita vya Hitla, na jina lililoandikwa kwenye tangi limefutika lote. Gia unabadilisha kwa mkono, kwa kijiti kilicho kando ya tangi. Taa yake ya mbele ni kubwa kama sufuria, na mimi, Mungu anisamehe, niliipenda ile taa. Sikuwa nimewahi kununua kitu chochote chenye injini. Nikaizunguka mara tatu nikitikisa kichwa, kama nilivyokuona ukimzunguka ng'ombe wa watu, ili yule fundi adhani ninajua. Lakini wewe ng'ombe ulikuwa unamfungua mdomo ukamtazama meno. Mimi sikufungua kitu. Isitoshe nilipofika chuma kilikuwa kimeshapata moto, mjanja yule alishaiwasha mapema. Akapiga kiki moja tu, ikanguruma, na mimi roho ikaruka. Nikalipa papo hapo. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, nilipiga kiki mpaka goti likavimba, na majirani wa landhi wakatoka na vikombe vya chai kuja kutazama sinema. Ndipo nikajua: pikipiki kuukuu huinunui ikiwa moto. Unaikuta baridi, unaiwasha mwenyewe.

Sikuinunua kwa maringo, ingawa Mama anasema maringo kidogo yalikuwepo. Dispensari ilitaka dresa mmoja wa kuzunguka kule Maungu mpaka Kasigau, Makwasinyi na vijiji vyote vya chini ya ule mlima, akiwa na dawa na bandeji zake. Bwana Daktari akasema kazi ni ya yule mwenye chombo chake cha kumpeleka na kumrudisha. Baba, miaka sita nimeosha vidonda kwenye benchi moja nikitazama dirisha moja. Watu wa Makwasinyi wanatufikia kidonda kikiwa kimeshanuka, kwa ajili ya mwendo tu. Niliiona kazi ile kuwa yangu. Niliiona kabisa.

Basi Jumamosi ile nikaipandisha Mbololo. Mpaka kufika pale kwenye misheni ilikwenda vizuri, baada ya hapo ikazima nikaisukuma. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kuuza ndizi walinikuta njiani, wakaniuliza, "Dresa, mgonjwa wako huyo unampeleka wapi?" Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha siku hiyo, sikuona aibu.

Wewe ulikuwa uani ukipukuchua maharagwe. Mama alikuwa amekamua miwa na kuandaa pombe, maana sisi watu wa milimani hatuanzi safari wala jambo kubwa kabla mwenye mji hajatasa. Anapiga funda la pombe, anaitema kama manyunyu, na anasema kwa sauti kila uchungu alio nao moyoni, utoke pamoja na ile pombe, ibaki baraka peke yake. Ulitasia mabati ya nyumba. Ulimtasia kaka yangu Mwakio siku alipokwenda vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Nikapiga magoti kando ya gurudumu nikainamisha kichwa. Ukashika kibuyu muda mrefu mpaka shingo ikaanza kuniuma. Kisha nikasikia umekiweka chini.

"Anayenunua miguu mingine ameichoka nyumba," ukasema. Halafu ukasema, "Sitatema. Nikitema moyo wangu ukiwa hivi, nitakuwa nimekudanganya. Ngoja moyo utulie."

Nikangoja. Kichomi hakikungoja.

Sasa nakuja mahali ambapo sitaki kuandika, lakini nitaandika. Habari za ugonjwa wako zilinifikia asubuhi, na mtu aliyezileta alisema bado unasema, bado unaitikia. Bwana Daktari mwenyewe akanipa penisilini na sindano. Pikipiki ilikuwa mlangoni, tangi lina petroli, na siku hiyo, sijui kwa nini, ingewaka. Nina hakika ingewaka. Sikuipanda. Nilisema sitamwendea baba yangu mgonjwa na kitu alichokataa kukitemea, nisije nikaongeza msiba juu ya ugonjwa. Nikapanda mlima kwa miguu, mfuko wa dawa begani, nikikimbia mahali pa kukimbia. Nilipofika nyumbani ulikuwa umeshafunikwa shuka. Mama akaniambia ulikata roho jua lilipofika juu ya mgomba wa kwanza, na mimi nimefika limepita paa. Ile sindano nilirudi nayo Voi.

Baba, mimi ni dresa. Nimewachoma sindano watu nisiowajua majina, wakapona, wakaenda zao bila hata kusema asante.

Tangu siku hiyo nimefungwa. Kila mtu ana lake la kusema. Baba mdogo Mwandoe anasema hasira za mtu hazitolewi na mtu mwingine, na kwa kuwa umeondoka nazo, dawa ni kuuza hiyo pikipiki haraka kabla haijaniua. Mwalimu wa kanisa anasema hayo ni mambo ya giza, nipande kwa jina la Bwana niende. Nikimtazama Mwalimu naona ana haki. Nikimtazama Baba mdogo, shingo inaniuma pale pale ilipouma siku ile. Alikuja mnunuzi, mwenye duka mmoja hapa Voi, akaizunguka kama nilivyoizunguka mimi. Nikamfukuza kwa maneno ambayo usingependa kuyasikia. Sasa huyo ndiye mimi: kuuza sitaki, kupanda siwezi.

Nilijaribu mara moja. Nilielekea Maungu Jumatano moja, nikafika tu pale njia inapokata reli, ikazima katikati. Nilijua ni nini. Nilifungua kabureta nikaliona tone la maji ndani ya petroli kwa macho yangu. Lakini nikazikumbuka hasira zako, nikaisukuma mpaka hapa landhi, nikaiingiza ndani, na sikuigusa tena. Bwana Daktari amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kazi anapewa kijana mwenye baiskeli, na baiskeli kwenye njia ile ya ndovu ni kichekesho, lakini angalau yeye atakwenda.

Naacha hapa. Kengele ya dispensari inalia.

*

Baba, hayo ya juu niliyaandika siku nane zilizopita. Nimeyasoma tena na sifuti kitu.

Jumapili nilipanda nyumbani. Kwa miguu, ndiyo. Mama amekonda lakini ulimi wake uko vile vile. Nilimkuta ametoa kibuyu cha pombe ya miwa amekiweka kwenye kizingiti, nikadhani ni cha wageni. Nikaanza kumlilia kama kawaida yangu: kwamba uliondoka na hasira zako, kwamba umenifunga, kwamba mwezi unakwisha. Akaniacha nikasema mpaka nikaishiwa. Kisha akanisukumia kile kibuyu, akasema, "Za baba yako unazijua zote. Na zako wewe utazitoa lini?"

Nilitaka kucheka. Mimi? Mtoto amkasirikie marehemu? Nikamwambia mimi sina hasira. Akasema, "Haya," kwa namna ile yake, akarudi kupembua mtama.

Nikabeba kibuyu nikaja kwako, pale kwenye migomba tulipokuzika. Nilisimama kama mjinga. Nikapiga funda nikaitema, nikakuombea mapumziko mema, maneno ya kanisani. Hayakufika mbali. Nikapiga la pili. Na hapo, Baba, nisamehe, yalitoka nisiyoyajua. Nilikupigia kelele. Nilisema Mwakio ulimtemea siku ile ile aliyoomba, hukumwambia angoje moyo wako utulie, na yeye alikuwa anakwenda mbali, kwenye bunduki, si Makwasinyi kufunga vidonda! Nilisema tangu Mwakio afe umenifunga mguu kama mbuzi wa mwisho wa boma. Nilisema ningefika, Baba. Ningefika na ile sindano ikiwa bado ina maana. Ulininyima funda moja la pombe, na funda hilo ndilo lililokuua, na mimi ndiye ninayelibeba. Nilitema na kusema, nikatema na kusema, mpaka shati langu likanuka kama kilabu.

Nilipogeuka, Mama alikuwa nyuma yangu na ungo wake. Alikuwa amesikia yote. Niliona haya, nikataka kuomba radhi, akanikatiza.

Akaniambia kitu ambacho wewe hukuniambia miaka yote. Kwamba Mwakio ulimtemea kwa moyo mweupe kabisa, maneno mazuri kuliko yote uliyowahi kusema, na hakurudi. Kwamba tangu ile karatasi ya serikali ya kifo chake ifike, hukumtemea tena mtu yeyote wa safari, hata Mwandoe alipokwenda Taveta. Ulijifanya jino linauma. "Ulidhani ni hasira?" Mama akasema. "Baba yenu alikuwa anaogopa kinywa chake."

Baba! Si ungesema tu? Mimi nimekaa na hasira ambazo hazikuwepo. Ningekuambia sio wewe, ni vita. Ningekuambia funda la pombe halimfikii mtu aliye Bama. Labda ungenitazama vile ulivyokuwa ukinitazama nikikwambia habari za vijidudu. Lakini ungekuwa umesema, nami ningekuwa nimekujibu, tukakaa tukinyamaza pamoja. Na habari za ugonjwa zilipofika ningeipanda ile pikipiki, ikizima ikizima.

Sijapona. Sitaki kukudanganya, nawe hukupenda kudanganya. Lile la sindano litabaki, najua. Nikiona chupa ile ya penisilini mkono bado unakuwa mzito. Lakini shingo haiumi. Jana nilifungua plagi nikaisugua kwa msasa, nikamwaga petroli yote yenye maji, nikatoa kitanda nje kabisa ili nipate nafasi ya kuitoa mlangoni. Asubuhi hii, ikiwa baridi, imekataa mara kumi na moja. Ya kumi na mbili imekubali. Inanguruma hapo nje sasa hivi, na naandika haraka kwa sababu sithubutu kuizima. Jirani amekwisha kupiga ukuta mara mbili. Sanduku la dawa limefungwa nyuma kwa kamba ya katani, na Bwana Daktari ameandika jina langu kwenye karatasi ya Kasigau. Naogopa. Ndovu wako njiani, mchanga uko njiani, na mimi gia ya tatu bado naitafuta kwa kupapasa.

Nifikishie Mwakio salamu. Nawe pumzika, Baba, usikae macho kwa ajili yangu.

Kurudi kulima Mbololo siwezi kukuahidi, hilo ningekuwa naongopa. Ahadi yangu ni hii. Jumamosi, nikitoka Makwasinyi, kabla sijavua viatu na kabla sijaonja chai ya mtu, nitapanda mpaka hapo kwenye migomba, nisimame, niseme kwa sauti mpaka Mama asikie: Baba, ni mimi, nimerudi. Na safari ya pili nitafanya hivyo hivyo. Na ya tatu, na ya nne, mpaka uzoee.

Mwanao,
Mwadime