Mama Skola Alikuuliza Swali Moja Tu

Mpwa wangu Deo,

Salamu sina. Ningekupa ana kwa ana, ila uliondoka Sumbawanga alfajiri bila kuaga, vioo vya gari umefunga, ukaniacha hapa Malangali nachekwa mpaka na wauza mkaa. Mimi! Mimi niliyemfukuza fisi kwa kofia tu, leo napita vichochoroni.

Nasikia umempigia mama yako simu, unadai wajumbe walihongwa. Acha hizo. Shule niliishia darasa la sita, lakini kura za maoni za chama nazijua kuliko wewe na digrii zako mbili. Ulikuja na msafara, wimbo wako ukapigwa mpaka kuku wakaukariri. Mwenyewe nilitangaza kwamba huyu akipata ubunge, urais unafuata, na kule Ikulu chumba changu nimeshachagua. Watu wakapokea fulana zako, wakazivaa, wakaenda nazo kumpigia kura yule mwalimu mstaafu asiye na bango hata moja. Hujui kwa nini?

Kumbuka mkutano wa Pito. Mama Skola alinyanyuka na fimbo yake, akachuchumaa kwa taabu, akapiga makofi kama tunavyosalimiana sisi Wafipa. Akauliza, "Mwanangu, unanijua?"

Ukamtazama msaidizi wako. Msaidizi akatazama karatasi. Ukashika kipaza sauti: "Changamoto yako nimeipokea, mama. Tunakwenda kuifanyia kazi."

Watu walivunjika mbavu. Jirani yake akamvuta kanga: "Kaa, mama, umeshapokelewa." Yeye peke yake hakucheka. Ubunge wako uliisha pale pale, kabla ya sanduku kufika.

Sasa sikiliza. Ile hadithi ya surua nimekusimulia mara mia: una miaka mitatu, mvua inamwagika, mjomba wako amekubeba mgongoni kutoka Pito mpaka hospitali mjini, na chui ametupisha njia. Chui hakuwepo, Deo. Na mgongo haukuwa wangu. Aliyekubeba ni Mama Skola. Mimi nilishika mwavuli, tena niliuelekeza upande wangu.

Kwa hilo najikasirikia mwenyewe. Lakini usijifiche humo! Likizo zote za shule ya msingi ulikunywa uji wa ulezi jikoni kwake, ukimwita Mama Uji, unalamba mpaka mwiko. Hilo nalo lilihitaji kusimuliwa na mjomba?

Mama yako anaamini kura yangu uliipata. Nilimwapia. Leo nasema mbele ya kila atakayesoma barua hii: nilipoishika ile karatasi ya kura nilimwona yule mama amechuchumaa, nikampa mwalimu. Kasirika ukitaka. Mimi nimetangulia.

Juzi nilipita kwake. Magoti yamegoma, hatoki tena nje. Nilijua atanitukana, nikajiandaa. Akaniuliza tu, "Mtoto alifika salama?" Nikaaga, nikaenda dukani kununua kalamu na karatasi.

Basi njoo Pito. Msafara uache, msaidizi umwache na karatasi yake. Safari hii uchuchumae wewe. Akikuuliza tena, mjibu kwa jina ulilompa mwenyewe jikoni. Nitakuwa mlangoni, na sitaongeza chui.

Ni mimi mjomba wako,
mshika mwavuli.