Ukungu Wako Haukukatwa

Mwaka umetimia, mke wangu, tangu ulipotuaga asubuhi ya jua kali, mbingu haina hata wingu moja. Hali ya hewa ya namna hiyo siku zote uliiita "jua la kupigia pasipoti tu." Tungekuwa na uwezo, tungekutafutia ukungu.

Tunaandika haya sisi wa nyumbani kwako. Mkono ulioshika kalamu ni wangu mimi mumeo, na watoto wamekubali wasinisahihishe.

Wengi watakaosoma hapa walipita mbele ya kamera yako. Watakumbuka chumba chetu cha mbele, pazia la buluu, na kile kitana ulichokifunga kwa kamba kando ya kioo ili kisiondoke na mteja. Watakumbuka ulivyowatuliza. "Kidevu chini kidogo, mwanangu. Usinune, hujakamatwa." Aliyekuja bila koti ulimwazima koti langu la harusi. Nusu ya mtaa huu wamelivaa kwenye vitambulisho vyao, na hakuna hata mmoja aliyelijaza vizuri kama mimi.

Lakini kazi uliyoipenda ilikuwa ya Jumatatu, studio ikiwa imefungwa. Ilianza siku uliponunua kwa muuza vitabu vya mitumba kitabu cha wachoraji wa kale wa Kijapani: milima, miti na maji kwa wino mweusi, na sehemu kubwa ya karatasi imeachwa nyeupe. Maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma humu ndani. Nikakuuliza, mimi niliyepata cheti cha masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mitatu, "Utajifunzaje kitabu usichojua hata herufi yake moja?"

"Wewe soma herufi, Bwana Cheti," ukasema. "Mimi nasoma pale pasipoandikwa."

Basi kila alfajiri ya Jumatatu ikawa ni chupa ya chai, stendi ya kamera begani, na kilima kilicho nyuma ya bwawa. Ulingoja ukungu ushuke, ufunike kila kitu, ubakize kilele tu au tawi moja. Usiposhuka, ulirudi bila kubonyeza kamera hata mara moja, nawe umefurahi vilevile. Mimi fundi mwashi, niliyezoea kuhesabu matofali ya siku, sikuelewa mtu anawezaje kwenda kazini akarudi na chupa tupu ya chai.

Siku moja ulikuwa ukisafisha picha, nami nikachungulia. "Hapa juu ulisahau kupiga?"

"Hapo nimeacha nafasi ya mtu kukaa."

Nikacheka. Mwaka huu nimekuomba radhi kwa kicheko hicho mara nyingi.

Sasa nikueleze lililotokea. Wiki ya pili baada ya mazishi nilitaka picha yako ya mwisho ikae sebuleni. Ile ndefu: tawi moja chini kabisa, ukingo wa maji, na kwingine kote ukungu. Asubuhi ile uliisubiri miaka mitatu. Nakala ilikuwa hiyo moja tu, maana negativu iliharibika paa lilipovuja. Nikakitoa cheti changu ukutani kwa mikono yangu, fremu yake nikakupa wewe. Sikuwa na kitu cha heshima zaidi ya hicho. Upana wa picha ukaingia sawasawa. Urefu ukazidi kwa mkono mzima.

Nikaipeleka kwa fundi wako wa fremu, yule tunayemwita Kimya.

"Kata hapo juu," nikamwambia. "Hapana kitu."

"Una hakika, mzee?"

"Nimejenga kuta miaka thelathini. Usinifundishe vipimo."

Akaitikia kwa kichwa. Niliporudi kuichukua, alikuwa amehamisha karakana yake upande wa pili wa mji, akaniachia mzigo kwa jirani yake, umefungwa kwa gazeti. Nikautundika siku hiyohiyo. Fremu ikainama mbele kama mtu anayesinzia. Nikabadilisha msumari. Nikabadilisha tena. Nikaweka pima maji kwenye ukuta nilioujenga mwenyewe, ukuta ukawa sawa, na fremu ikazidi kusinzia.

Baada ya miezi mitano binti yetu mkubwa akaja likizo. Akasimama mbele ya picha, akatazama ukingo wake wa juu.

"Baba, iliyobaki iko wapi?"

"Ipi iliyobaki?"

"Ule weupe wa juu."

"Nilikatisha. Hapakuwa na kitu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa chini akasema, "Mama aliniambia picha yenyewe ndiyo ule weupe. Hilo tawi ni la kushikia tu."

Tangu siku hiyo nilipita sebuleni macho yangu yakiwa sakafuni. Miaka yako mitatu ya kungoja, mimi nimeitupa kwa neno moja! Miezi sita nimekaa hivyo, hadi juma lililopita binti yako aliponishika mkono. "Twende kwa Kimya, baba. Huenda alikihifadhi kipande."

Tukamkuta anapiga randa. Nikasema nilichokiandaa njia nzima. "Nimekuja kuulizia kile kipande ulichokata. Kama hukukitupa."

"Sikukata," akasema.

"Hukukata?"

"Mama alinirudishia kazi miaka ishirini kwa makosa ya nusu ukucha. Nikate ukungu wake, halafu nipite wapi kwenye mtaa ule?"

"Mbona hukuniambia?"

"Siku ile hukuwa mtu wa kuambiwa, mzee."

Binti yako akauliza, "Sasa uko wapi?"

"Kwenu. Nyuma ya fremu. Hamjaona inavyoinama?"

Akacheka mtoto wako mpaka akashika ukuta. Kumbe nimelaumu misumari miwili isiyo na hatia.

Kimya alikuja nyumbani mchana huohuo. Akailaza fremu kifudifudi mezani, akang'oa vijimisumari kimoja kimoja, akaondoa plaiwudi. Ule weupe alikuwa ameuzungusha kwenye kitambaa laini kilichokunjwa kama mto, usije ukavunjika. Ukafunguka taratibu, wote, bila mkunjo hata mmoja. Pumzi niliyoishusha pale, nadhani hata wewe uliisikia.

Sasa picha inaning'inia kwa vijiti viwili, kimoja juu na kimoja chini, kama zile za kitabuni mwako. Vijiti nimevichonga mimi. Cheti kimerudi kwenye fremu yake, na fremu imenyooka.

Nimekichunguza kipande cha juu kwa miwani yangu yote miwili. Bado hapana kitu, mke wangu. Nimeweka kigoda changu mbele yake, na nimekaa.

Tunakukumbuka: mimi mumeo, Bwana Cheti, binti yako mkubwa aliye mwalimu, mwanao fundi umeme na mkewe, mwenzako wa jikoni, wajukuu wako wanne, dada yako mshonaji, na Kimya, ambaye hakuomba kuwekwa hapa lakini amestahili.

Tutakukumbuka kila ukungu utakaposhuka, na usiposhuka pia.